Dwarka, mji wa ziara wa Mabanyani tuliokua nao

Wengi wetu tuliozaliwa Unguja na kuhamia Oman tumekua na Mabanyani tangu utotoni. Tulijua maduka yao, tulijua hawali nyama, tulijua kwamba siku ya Divali hufungua daftari jipya la hesabu na kulifanyia ibada kabla hawajaandika tarakimu ya kwanza. Maneno kama hundi, laki, bima na chapati tumeyapata kwao au kupitia kwao. Tulichokuwa hatukijui ni wanakokwenda wakifunga duka mwezi mzima na kusema "nakwenda kwetu". Kwetu, kwa wengi wao, ni Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi, kwenye bandari za Mandvi na Mundra. Lakini kulikuwa na mji mmoja jirani na hapo ambao mzee wa Kibhatia hakupenda kufa hajaufikia. Mji huo unaitwa Dwarka.

Nilikwenda Dwarka Januari mwaka jana na mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi hapa Maskati kwa miaka 22. Yeye ni Bhatia, kazaliwa Hurumzi, kwenye mtaa uleule wenye hekalu la Kihindi ambalo kila mtoto wa Mji Mkongwe anaijua kengele yake. Ana miaka 78. Aliponiomba nimsindikize alisema hivi: "Twende, bwana. Wanangu wana kazi zao, na mimi sitaki kwenda na mtu wa kunihimiza." Mimi ni Muislamu niliyesomeshwa na mapadri, kwa hiyo tangu skuli nimezoea kukaa kwa adabu kwenye nyumba za ibada za wenzangu, na sikuona tabu. Humu nitatumia neno ziara, maana hija kwetu ina maana yake.

Dwarka iko kwenye ncha ya magharibi kabisa ya rasi ya Saurashtra, katika jimbo la Gujarat. Ukisimama ufukweni na kutazama machweo, mbele yako ni bahari tupu mpaka Oman. Jina lenyewe linatokana na neno la Kisanskriti la mlango. Wahindu huhesabu miji minne mikubwa ya ziara kwenye pembe nne za nchi yao: Badrinath kaskazini milimani, Puri mashariki, Rameshwaram kusini, na Dwarka magharibi. Anayeweza huizuru yote minne katika uhai wake. Asiyeweza, na wengi hawawezi, huchagua ule ulio karibu na moyo wake. Kwa wafanyabiashara wa Kutch, ambao wengi ni wafuasi wa Krishna, hakuna haja ya kuuliza ni upi.

Hadithi yao ni kwamba Krishna, baada ya vita vingi huko Mathura, aliwahamisha watu wake akawajengea mji mpya kando ya bahari. Huko akatawala kama mfalme. Alipoondoka duniani, bahari ikapanda ikaumeza mji. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Kihindi, wakiongozwa mwanzoni na S. R. Rao, wamepiga mbizi mbele ya Dwarka na kukuta mawe ya majengo na nanga nyingi za mawe zenye matundu. Kama mawe hayo ni ya mji wa Krishna ni jambo ambalo wataalamu bado wanabishana. Mimi nanga zinanitosha. Hapa palikuwa bandari, na watu wa hapa walikuwa watu wa vyombo.

Hilo ndilo linalotuhusu sisi. Ukiitazama ramani utaona kwamba Mandvi na Mundra ziko ndani ya Ghuba ya Kutch, na ncha ya Dwarka na Okha ndiyo mdomo wa kusini wa ghuba hiyo. Kotia iliyojaa nguo ikitoka Mundra kwa upepo wa kaskazi kwenda Unguja ilikuwa ipite hapo. Katika karne ya 19 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia wa Mundra, na wakala wake Ladha Damji alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa kisiwani. Na hapa Maskati nyumba ya Khimji Ramdas, iliyoanza mwaka 1870, ilitoka Mandvi. Kanaksi Khimji, aliyefariki mwaka 2021, alipewa cheo cha sheikh na Sultan Qaboos ingawa alikuwa Mhindu. Watu hawa wote wametoka kwenye maji yale.

Na kuvuka maji hayo, kwa mila zao, halikuwa jambo jepesi. Bhatia wa zamani aliyevuka bahari alihesabika kuwa ametoka kwenye usafi wa dini yake. Ndiyo maana mpaka sehemu kubwa ya karne ya 19 hawakuwachukua wake zao Unguja wala Maskati, na wakirudi kwao walifanyiwa ibada ya kutakaswa. Babu zetu walidhani ni wivu au ubahili. Kumbe mtu alikuwa akiishi kwetu miaka kumi, anahesabu mizani ya karafuu, huku moyoni anajua kwamba akirudi kuna deni la kulipa kwa Mungu wake.

Basi, mji wenyewe. Ni mdogo, vumbi lake jingi, ng'ombe wamelala katikati ya njia na pikipiki zinawazunguka. Hekalu la Dwarkadhish, yaani Bwana wa Dwarka, linaonekana kutoka kila upande. Lina ghorofa tano juu ya nguzo 72 na mnara mrefu wa mawe yaliyochongwa. La kale lilivunjwa mwaka 1473 na majeshi ya Sultan Mahmud Begada wa Gujarat. Lililopo lilijengwa upya baada ya hapo. Lina milango miwili: wa kaskazini huitwa mlango wa wokovu, na wa kusini mlango wa pepo. Kutoka mlango huu wa kusini kuna ngazi 56 za kuteremkia mto Gomti, ambao unaingia baharini papo hapo.

Simu na kamera haziingii. Zinaachwa kwenye makabati nje, na viatu vivyo hivyo. Asiye Mhindu na aulize mlangoni kwanza. Mimi niliamua kukaa kwenye ngazi za mtoni na kungoja, na sikupoteza kitu. Mwenzangu alinieleza aliyoyaona. Sanamu ni ya jiwe jeusi, yenye mikono minne, na inahudumiwa kama mfalme aliye hai: asubuhi huamshwa, huogeshwa, huvishwa, huletewa chakula kwa nyakati zake, mchana pazia hufungwa apumzike, jioni hufunguliwa tena. Kwa hiyo ukifika saa saba mchana utakuta mlango umefungwa, na hakuna cha kugomba. Mfalme amelala.

Bendera nitaieleza mwenyewe kwa sababu inaonekana na kila mtu. Ina urefu wa yadi 52, ya pembe tatu, imeshonwa jua na mwezi. Kwa desturi hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, na kila moja imetolewa na familia fulani ambayo imengoja zamu yake. Familia huja na ngoma, bendera imekunjwa kichwani mwa mmoja wao, wanawake wanacheza mbele. Halafu mtu mmoja wa ukoo wa Kibrahmani wenye kazi hiyo anapanda mpaka kileleni mwa mnara kuifunga, na chini njia nzima inasimama, shingo zimepinda. Niliona muuza maua akiacha wateja wake mpaka bendera ilipofunguka. Inafunguka kwa mlio, kama tanga.

Lakini mwenzangu hakuja kwa bendera. Alikuja kumfanyia ibada baba yake, aliyefariki Unguja mwaka 1961 na kuchomwa hukohuko. Ibada hiyo hufanywa kwenye ngazi za Gomti. Mtu hukaa chini mbele ya kasisi wa Kibrahmani, hufinyanga matonge ya unga, humimina maji kwa mkono, na hutaja majina ya vizazi vitatu: baba, babu, na baba wa babu. Majina ndiyo shina la ibada. Na mwenzangu alikuwa na majina mawili tu. La tatu hakulijua, wala ndugu zake walioko Leicester hawakulijua. Karatasi za nyumbani zilipotea mwaka 1964, kama zilivyopotea za wengi wetu.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya niandike makala haya. Msomaji anivumilie, nimekuwa karani maisha yangu yote.

Dwarka ina makasisi wa kurithi wa ukoo wa Gugli. Kila nyumba yao ina familia zake za wageni, zilizogawanywa kwa kabila na kwa kijiji cha asili, na haki hiyo hurithiwa kutoka baba kwenda mwana kama shamba. Mgeni akifika huandikwa kwenye kitabu: jina lake, la baba yake, waliofuatana naye, waliozaliwa na waliokufa tangu ziara iliyopita, na anakofanya kazi. Wengine hutia saini wenyewe. Hakuna ofisi juu ya vitabu hivi, hakuna mkaguzi, na vinaendelea.

Kasisi tuliyepelekwa kwake alimuuliza mwenzangu maswali matatu tu: kabila, jina la ukoo, kijiji. Hakuuliza mwaka. Akaingia ndani akatoka na vitabu viwili virefu vyembamba, jalada la kitambaa chekundu, akavifungua magotini. Hakuona. Akatutuma kwa binamu yake, maana nyumba yao iligawana vitabu babu yao alipofariki, na vijiji vya upande wa Mundra viliangukia kule. Binamu alikuwa anakula, tukangoja. Alipokuja alinawa, akatoa kitabu kimoja tu, akapekua kwa kidole kana kwamba anatafuta ukurasa aliousoma jana.

Ulikuwapo. Mwaka wa Samvat 1951, ambao kwa hesabu yetu ni 1894 au 1895, watu watatu ndugu walifika, na mkubwa wao ndiye baba wa babu wa mwenzangu. Mbele ya jina lake imeandikwa kwamba ana duka Jangbar. Hivyo ndivyo Wagujarati walivyoiita Unguja. Chini yake yako majina ya wanawe, na wa mwisho ni babu yake, mtoto.

Mwenzangu alilisoma jina lile mara mbili kwa sauti. Halafu kasisi akageuza kurasa, akamwonyesha maandishi mengine, ya Samvat 2014. Huyo alikuwa baba yake. Alikuja na meli ya Karanja mpaka Bombay, safari ambayo mwenzangu anaikumbuka kwa sababu aliletewa viatu. Baba yule aliandika kwa mkono wake mwenyewe majina ya watoto aliowaacha Unguja. Jina la tatu ni la mwenzangu. Alikuwa na miaka kumi, yuko Hurumzi anacheza gololi, na jina lake linaandikwa Dwarka.

Sikumwona mtu huyu akilia hata siku aliyomzika mkewe. Pale alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana.

Mimi nilikuwa nafikiria mambo ya kwetu. Sote tunajua maana ya kuulizwa kwenye dirisha la ofisi jina la babu wa nne, kabila, na shahidi wa kabila. Tunajua familia zilizokaa miaka zikitafuta mzee mmoja wa bara ya Oman awathibitishe kwamba babu yao aliyekwenda Unguja alikuwa mtu fulani wa mji fulani. Ndugu wawili wa baba mmoja wameandikwa majina ya ukoo mawili tofauti, kwa sababu kila mmoja alipata shahidi wake. Nasaba tulikuwa nayo vichwani, na vichwa vile vimezikwa. Mabanyani walioishi nasi mtaa mmoja, waliopoteza maduka na nyumba usiku uleule, walikuwa wameshaacha nakala kwa mtu wa pwani ya pili anayelipwa kwa sadaka. Sisemi mfumo wao hauna kasoro. Nakala ni moja, ya karatasi, na nchwa hawajui dini. Wasichana pia hawakuwa wakiandikwa ila kwa nadra.

Hilo mwenzangu alilirekebisha. Ilipofika zamu yake alitaja wanawe na binti zake, na wajukuu wote kwa mpango wa umri. Kasisi alisimamisha kalamu kwenye jina la binti wa kwanza. Mwenzangu akamwambia kwa Kigujarati maneno ambayo sikuyafahamu, na kalamu ikaendelea. Mahali pa makazi kasisi aliandika Maskati, Leicester na Houston, na hii ya mwisho aliiuliza tahajia yake. Asubuhi ya pili ibada ikafanywa, majina yote matatu yakatajwa, matonge yakatupwa mtoni, na tulikunywa chai.

Nje ya mji ziara zinaendelea, na gari la kukodi la siku moja linatosha kwa zote. Hekalu la Rukmini liko kiasi cha kilomita 2 nje, peke yake uwandani, na kuta zake za mawe zimechongwa watu na tembo mpaka hakuna mahali pa kuweka kiganja. Rukmini alikuwa mke wa Krishna. Kwa nini basi nyumba yake iko mbali na ya mumewe? Wanasema walimkaribisha mtawa mkali jina lake Durvasa, naye akataka wamvute garini mwake wenyewe. Njiani Rukmini alishikwa na kiu, Krishna akagusa ardhi kwa kidole cha mguu maji yakatoka, na Rukmini akanywa bila kumpa mgeni kwanza. Mtawa akamlaani akae mbali na mumewe, na maji ya eneo hilo yawe ya chumvi. Ni kweli, maji ya huko ni ya chumvi. Kwa hiyo sadaka inayotolewa hapo ni maji ya kunywa: unalipa, na watu wanapelekewa maji. Katika hadithi zote nilizosikia safari ile, hii ndiyo niliyoipenda, labda kwa sababu kwetu nako mgeni hutangulizwa maji.

Nageshwar ni la Shiva, moja katika mahekalu 12 yanayoheshimiwa kuliko yote ya mungu huyo, na nje kuna sanamu yake kubwa ya kuketi, yenye kimo cha mita 25. Watu wanapiga picha. Gopi Talav ni bwawa lenye udongo wa manjano ambao wafuasi wa Krishna hujipaka kwenye paji la uso; ule mstari tuliouona kwa wazee wa dukani ulikuwa udongo huo. Ununue hapo, ni rahisi.

Bet Dwarka ni kisiwa mbele ya Okha, na wanaamini kwamba Krishna alikuwa na baraza yake Dwarka na makazi yake huku. Zamani ulikwenda kwa mashua. Tangu Februari 2024 kuna daraja la nyaya, Sudarshan Setu, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, na gari linafika mlangoni. Sadaka ya hapa ni mchele. Sudama, rafiki maskini wa Krishna tangu skuli, alikuja kumtembelea na konzi ya mchele uliopondwa, akaona haya kuutoa mbele ya mfalme. Krishna akamnyang'anya akaula kwa furaha, na Sudama aliporudi alikuta kibanda chake kimekuwa jumba. Mwenzangu alinunua kilo tano.

Kisiwani wanaishi Waislamu wengi, wavuvi na mabaharia. Kwenye gati la Okha tulizungumza na mzee mmoja aliyekuwa akivusha wageni kwa mashua yake. Daraja limemfanya akae, na hakuficha kwamba halipendi. Lakini alipomsikia mwenzangu akisema Kikachi na kutaja Unguja, alihesabu kwa vidole bandari alizofika ujana wake: Mukalla, Mogadishu, Lamu. Si mbali na hapo iko Salaya, ambako mpaka leo wanajenga na kuendesha majahazi makubwa ya mbao. Ukipita Khor Dubai ukaona chombo cha mbao kimepakiwa friji na matairi kwenda Somalia, soma jina la bandari nyuma ya shetri. Huenda ni Salaya au Mandvi.

Kwa anayetaka kwenda: panda ndege ya Ahmedabad, kisha treni inayoishia Okha, ambayo inasimama Dwarka. Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo ni ya usiku kucha. Kuanzia Novemba mpaka Februari hewa ni kama Maskati ya majira ya baridi. Nyama usiiulize mjini, na pombe imepigwa marufuku karibu Gujarat nzima. Chakula ni sinia la dengu, mboga, chapati nyembamba, achari na maziwa mgando, na wanaongeza mpaka ukatae kwa mkono. Epuka wiki ya kuzaliwa kwa Krishna, mwezi wa Agosti au mwanzo wa Septemba, ila kama umeizoea misongamano. Ngazi za Gomti hazina mahali pa kushika. Na kwenye treni kata tiketi mapema ya kitanda cha chini kama magoti yako ni ya umri wangu, maana mwenzangu alikipata yeye, na mimi nililala juu.